Komeo la Banda la Mzee

Alhamisi, 6 Machi

Nina daftari jingine, la nguruwe. Lina jalada gumu na mistari myekundu, na kila jike wa nyumba hii ana ukurasa wake: kazaliwa lini, kapandwa lini na dume yupi, kazaa wangapi, kabakisha wangapi. Miaka sita nimeliandika bila kukosea mstari. Baba huwatolea wageni daftari lile kama wengine wanavyowatolea picha za harusi. Leo saa tisa mchana nimeandika uongo ndani yake, na kwa kuwa siwezi kuufuta bila kuulizwa, nimenunua hili la kurasa arobaini ili ukweli nao upate pa kukaa.

Ukweli wenyewe ni huu. Juzi Jumanne Shangazi, mdogo wake Baba, alimleta jike wake aliyekuwa kwenye joto, akitaka dume. Alimfunga kamba mguuni na kumswaga njia nzima kwa ufagio. Ni nguruwe wake wa pekee. Baba alimpa mtamba huyo mwaka juzi, aliporudi kutoka kwa mumewe na begi moja. Shangazi anamwita Mke Mwenza, kwa sababu anakula asichopika. Ana mabaka meusi na masikio yaliyoangukia macho, amefanana na baba yake mzazi, ambaye ni dume wetu wa zamani tunayemwita Mzee. Ndiyo maana Shangazi aliniambia mara mbili, "Mpeleke kwa Mweupe, mwanangu. Mzee ni baba yake." Kana kwamba sijui. Mweupe ni dume kijana ambaye Baba alimtoa mbali mwishoni mwa mwaka jana, makusudi ili damu ibadilike.

Halafu akaniona nikifungua daftari, akamwambia mdogo wangu kwa sauti ya watu wote kwamba daftari hili lingekuwa mwanamume, dada yako sasa hivi angekuwa na watoto wanne. Mdogo wangu akacheka. Baba naye akacheka. Nikacheka na mimi, huku nikilifunga daftari.

Nikasema nitampandisha jioni. Jioni sikwenda. Jumatano nikaosha mahori yote, nikapanga magunia upya, nikafagia hata pale pasipofagiwa, na kila nilipopita kwa Mke Mwenza nikajiambia ana haraka gani, asubiri. Nilikuwa nimenuna, hakuna neno jingine. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu nimemnunia nguruwe.

Leo ndiyo nikamtoa. Joto lilikuwa linaisha. Mweupe bado ana utoto, akamtafuna masikio, akamzunguka, akalala. Jike hakusimama. Nimekaa nao saa nzima. Kumrudisha bila kupandwa ni kusubiri wiki tatu nyingine, na Baba angeniuliza siku mbili zote hizi nilikuwa wapi. Basi nikafungua komeo la pili. Kwa Mzee alisimama kimya kama amepigiliwa misumari.

Kisha nikaandika: Alhamisi, 6 Machi. Mweupe. Mara moja.

Mdogo wangu alirudi kutoka mashineni na gunia la pumba begani, akauliza, "Tayari?" Nikamjibu tayari.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeanza. Banda la tatu linavuja.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amekuja kumchukua jike wake. Ameniletea mayai kumi na mawili, ameyafunga moja moja kwa karatasi ya gazeti ili yasigongane njiani. Nilimwambia haina haja. Akasema mkono mwepesi kama wangu hauachwi mtupu. Nimeyaweka kabatini na sijala hata moja. Mdogo wangu ndiye aliyeyala, manne kwa mkupuo mmoja, na nikamgombeza kwa ulafi, ingawa hasira zangu hazikuwa za mayai.

Jumatano, 19 Machi

Tumehasi madume saba wa yule jike wa banda la kwanza. Mdogo wangu anawashika vizuri siku hizi, hawapigi kelele sana mikononi mwake. Niandike na hili, maana huko nyuma nimemwandikia mabaya mengi kichwani. Alirudi kutoka mjini miaka miwili iliyopita baada ya karakana alimokuwa akifanya kazi kufungwa, na mwaka jana akasahau kufunga komeo la Mzee. Mzee akatoka akafukua miche ya jirani kuanzia mwanzo wa shamba hadi mwisho. Tangu siku ile jirani anamwita Mlango Wazi, na jina likakamata. Hata mimi nimemwita hivyo, na kwa raha zangu. Sasa kila akifunga komeo anazungushia na waya juu yake, kisha anaugusa kuhakikisha.

Baba ameniambia, akiwa ameegemea ukuta mfupi wa banda kwa sababu ya goti lake, kwamba mvua zikiisha mabanda atamwachia mdogo wangu. Mimi nibaki na daftari tu. Amesema kijana ametulia. Mdogo wangu alikuwa karibu akasikia. Siku nzima alikuwa akipiga mluzi.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya ishirini na moja. Kama mimba haikushika, leo au kesho joto linarudi. Nimeamka na maombi ambayo mfugaji hapaswi kuomba: jike asiwe ameshika. Arudi kwenye joto, nimpeleke kwa Mweupe mchana kweupe, nirekebishe mstari, mambo yaishe, na asijue mtu.

Nilifika kwa Shangazi kabla hajanywa chai. Nikambonyeza jike mgongoni kwa viganja viwili. Mwenye joto angeganda. Huyu alipiga ukelele akanikimbia, akaenda kuchimba pembeni. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu. Shangazi amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Ameshika?"

"Inaelekea ameshika."

Akakiweka kikombe chini, akaja akanishika mashavu kwa mikono miwili kama mtoto. Mikono ilinuka sabuni. Akasema hajawahi kuwa na kitu kinachoongezeka. Vyote alivyowahi kushika vilikuwa vya kupungua. Nimerudi nyumbani nimeinamisha kichwa njia nzima, na waliokutana nami walidhani nakwepa mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeenda tena. Hana joto.

Jumanne, 8 Aprili

Bwana Sindano, daktari wetu wa mifugo, amekuja kwa chanjo. Alipokuwa akiosha mabuti nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, nguruwe akipandwa na baba yake inakuwaje. Akasema wengine wanatoka wazima kabisa, wengine wanatoka na kasoro, huwezi kujua mpaka watoke. Akaniuliza imetokea kwa nani. Nikasema nimesoma kitabuni.

"Wewe na vitabu," akasema, na akacheka. Nimeshika hilo la wanatoka wazima. Ndilo nililalalo nalo.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya arobaini na mbili. Hakurudi. Shangazi anahesabu kwa vidole: miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu. Amefika kidole cha pili.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Tope hadi kwenye vifundo. Baba na goti lake hatoki nje.

Jumapili, 11 Mei

Jike wa banda la nne, mwenye mabaka kuliko wote, amezaa watoto wa Mweupe. Ndio wa kwanza wa dume huyu hapa kwetu. Kumi na mmoja, wote hai, wote weupe pee. Baba alitoka na mvua yote hii kuja kuwaona. Akamnyanyua mmoja, akampindua huku na huku, hakuna doa.

"Huyu dume hatoi baka hata kwa jike mweusi," akasema. "Ukiona baka, ujue si wake."

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Miezi miwili yote nimekuwa nikiogopa kasoro tu, na nikiomba watoke wazima, ili niponee hapo. Kumbe hata wakitoka wazima wa afya watakuwa wameandikwa ngozini. Mdogo wangu akaniuliza mbona nimeiinamisha ndoo, maji yanamwagika.

Jumatatu, 12 Mei

Nitamwambia Shangazi.

Ijumaa, 16 Mei

Sijamwambia.

Jumamosi, 24 Mei

Leo nilipiga moyo konde nikaenda. Nilipanga maneno njia nzima, nikayasema hadi kwa sauti. Nilipofika nikamkuta mdogo wangu yuko kwenye mtaro hadi magotini. Tangu asubuhi anachimba maji yapite mbali na banda la Mke Mwenza, na hakuna aliyemtuma. Banda lenyewe Shangazi amelipanua kwa mikono yake, amepigilia vipande vya mlango wa zamani, amejaza majani makavu, na pembeni ametenga kikona cha watoto ili mama asiwalalie. Majike wawili atawabakiza, amesema, na hao watazaa, na kwa mara ya kwanza hatakuwa mtu wa kupewa.

Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu. "Huyu mnamwonea na lile jina lenu."

Akaniuliza nimekuja na lipi. Nikasema nimekuja kumtazama jike tumbo. Nikamtazama. Nikasema linaendelea vizuri. Nikaondoka na maneno yangu yote kama nilivyokuja nayo. Zamani nilimwona Shangazi mtu wa domo na kulalamika. Hajalalamika mbele yangu tangu mvua zianze, na mimi, ambaye sijawahi kupungukiwa na kitu, ndiye niliyeshindwa kufungua mdomo.

Jumanne, 3 Juni

Tumewatenga na mama yao watoto wa banda la pili. Kelele siku nzima.

Jumapili, 15 Juni

Chuchu zimeanza kujaa. Shangazi amepiga simu mara tatu. Mara ya tatu hakuwa na swali, alitaka tu kuzungumza habari zake.

Jumapili, 29 Juni

Alipiga simu saa sita mchana, sauti imebadilika. Tulikwenda mimi na mdogo wangu, tumejifunika turubai moja. Tulipofika wa kwanza alikuwa ameshatoka.

Alikuwa na baka jeusi kiunoni, la ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Shangazi alikuwa anamfuta kwa kitambaa, anasema tazama alivyofanana na mama yake. Mdogo wangu alimtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akarudi kumtazama mtoto. Nadhani alikumbuka maneno ya Baba.

Walitoka tisa. Niwaandike wote, maana daftari lile sijui nitalifungua kwa uso gani. Wa pili mzima, ila mdogo kama panya. Wa tatu amekufa. Wa nne ana kitovu kilichotokeza kama yai. Wa tano na wa sita wazima, wembamba. Wa saba amekufa tumboni siku nyingi, amekauka. Wa nane na wa tisa walitoka wakali, wakakimbilia chuchu kabla ya wenzao, na Shangazi akafurahi nao kuliko wote. Mimi ndiye niliyewageuza kuwakata yale meno makali wanayozaliwa nayo, wasimuumize mama chuchu. Nikanyanyua mkia wa wa nane. Hapakuwa na tundu. Nikanyanyua wa wa tisa. Hapakuwa na tundu.

"Nini?" Shangazi akauliza.

Nikamwonyesha. Hakuelewa kwa muda. Kisha akauliza sasa watajisaidiaje. Akavuta kigoda akaketi. Akaanza kujihesabia: labda ni zile pumba zilizoingia unyevu, labda ni siku ile alipomswaga mbiombio, labda ni yeye mwenyewe tu, kila anachokishika. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani yale makavu aliyoyatandika, mkasi mkononi, umbali wa hatua mbili kutoka kwake. Neno moja lingemtoa kwenye hesabu ile. Nikamwambia, "Usijilaumu, Shangazi," na nikaendelea kukata meno.

Naona haya kuandika. Naona haya hata ya mkono unaoandika.

Jumatatu, 30 Juni

Baba amekwenda mwenyewe, na fimbo, mimi na mdogo wangu nyuma yake, anapumzika kila baada ya hatua ishirini. Bwana Sindano alikuwa ameshafika. Amesema kuwapasua wale wawili ni kubahatisha, na mara nyingi ni kuwatesa bure. Baba hakuwa anamsikiliza. Aliinama juu ya ukuta akawatazama watoto, mmoja mmoja. Watatu kati ya walio hai wana mabaka.

"Hawa ni wa Mzee," akasema.

Turudi nyumbani, akasema. Tulipofika akaketi, akatuita sote wawili, akaniambia nilete daftari.

"Linasema nini?"

Mdogo wangu amesimama kulia kwangu. Nikalifungua. Nikasoma kwa mdomo wangu, kwa sauti ileile ninayowasomea wageni: Alhamisi, tarehe sita Machi, Mweupe, mara moja.

Baba akatikisa kichwa taratibu. Hakunitilia shaka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniua. Akamgeukia mdogo wangu. Akamuuliza jike alikaa hapa siku ngapi, na nani alikuwa akifunga mabanda jioni. Mdogo wangu akasema siku tano, na ni yeye.

"Basi Mzee alitoka akamfikia."

"Nilifunga, Baba. Na waya nikazungusha."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mzee ana mikono?"

Baba akasema hataki ugomvi, ila mabanda hawezi kumwachia mtu kama mambo ndiyo haya. Damu ya ukoo mzima wa nguruwe inaharibika kwa komeo moja. Akamwambia ajaribu kunitazama mimi ninavyofanya kazi.

Nilikuwa nimekumbatia daftari kifuani. Nimelala nalo hivyo mchana wote, nimejifungia chumbani, nikasema kichwa kinaniuma.

Jumatano, 2 Julai

Wale wawili wamekufa, wamevimba matumbo. Shangazi alikuwa akiwapa maziwa kwa kijiko hadi jana, ingawa aliambiwa haisaidii.

Wakati wa kugawa chakula mdogo wangu aliniuliza kama mimi ninakumbuka, wiki ile ya Machi, nilikuta komeo la Mzee limefungwa asubuhi. Nikamwambia sikumbuki.

"Nadhani nilifunga," akasema.

Jumatatu alikuwa na uhakika.

Jumamosi, 5 Julai

Ameniomba nimsindikize kwa Shangazi, eti mimi najua kuongea. Kulikuwa na manyunyu. Alipofika mlangoni alinipa mwavuli nimshikie, akaingia, akachuchumaa mbele ya Shangazi aliyekuwa akichambua maharage.

"Shangazi, nisamehe. Inawezekana sikufunga."

Shangazi akasema hana kinyongo. Akasema ni bahati yake tu ndivyo ilivyo. Lakini alisema akitazama maharage, na hakumwita mwanangu kama anavyomwita siku zote. Mdogo wangu alikaa vilevile amechuchumaa, anangoja lile neno. Halikuja. Mimi nimesimama ukutani na mwavuli wake mkononi, unanidondokea miguuni, na nikaona waziwazi kwamba mtu aliyechuchumaa pale ni mimi, ila amevaa shati la mtu mwingine.

Njiani alinishukuru kwa kumsindikiza.

Jumanne, 8 Julai

Jirani amepita barabarani akaita, "Mlango Wazi, habari za leo?" Miezi mingi alikuwa ameliacha. Mdogo wangu akaitikia kwa upole, salama tu.

Amepata kazi ya kuchoma matofali, siku mbili za safari kutoka hapa. Anaondoka Jumapili. Baba hakumfukuza, lakini hakumzuia.

Ijumaa, 11 Julai

Mvua zimekwisha. Mashimo yanakauka. Leo alinionyesha jinsi anavyozungusha waya kwenye komeo la Mzee, mara tatu kwenda kulia na mara moja kurudi, ili nijue wakati yeye hayupo. Alinieleza kwa makini kama mtu anayeeleza dawa ya mgonjwa. Sikuweza kumaliza kula.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Baba. Alikuwa uani ananyoosha goti. Nilidhani nitaanza na Jumanne ile, na utani, na joto lililokuwa linaisha, lakini nilipofungua mdomo vyote hivyo vilinikimbia vikabaki vitu viwili tu: nilimpeleka jike kwa Mzee mimi mwenyewe, na nikaandika Mweupe.

Hakufoka. Ningependa afoke. Alishusha mguu chini, akautazama muda mrefu.

"Nilikuuliza mbele yake," akasema. "Ukanisomea."

Nikasema ndiyo, Baba.

Akasema niende kwa Shangazi, kisha niende kwa mdogo wangu kabla hajafunga begi. Yeye hatamwambia, kwa sababu akimwambia atakuwa amenisaidia. Nilipogeuka akaniita. Nikadhani kuna neno jingine. Akaniomba nimpe mkono ainuke, nikampa, akaingia ndani bila kunitazama.

Shangazi alikuwa bandani. Watoto watano waliobaki wameanza kuchangamka. Yule wa kitovu anakimbia kuliko wote. Nilimweleza nimesimama nje ya ukuta, yeye akiwa ndani na ndoo. Alinisikiliza hadi mwisho. Swali lake lilikuwa moja.

"Ni kwa sababu ya lile neno langu la daftari?"

Sikuweza kukataa, wala kukubali sikuweza. Nililia. Alinitazama nikilia na hakuja kunishika mashavu.

"Ungenitukana tu, mwanangu," akasema. "Ningekurudishia, tukamaliza siku ileile."

Akamwaga maji horini. Akasema yeye atakuwa na hasira na mimi kwa muda, nisimwendee mbio, atakuja mwenyewe zikimtoka. Lakini yule kijana alichuchumaa hapa nyumbani kwake na yeye akamnyima neno, na hilo tumeshirikiana. Niende.

Mdogo wangu alikuwa chumbani kwake, anakunja mashati kitandani. Ana mashati matano. Begi liko wazi sakafuni. Niliketi kwenye ncha ya kitanda nikasema yote, safari hii pamoja na Jumanne na kununa kwangu, na saa nzima kwa Mweupe, na daftari nililosoma akiwa kulia kwangu, na mwavuli. Sikujitetea popote. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata anipige.

Aliendelea kukunja shati alilokuwa nalo hadi likaisha, akaliweka juu ya wenzake, akaketi. Huko nje nguruwe walikuwa wameanza kudai chakula.

"Dada," akasema, "mimi nilishaanza kukumbuka."

Nikamuuliza kukumbuka nini.

"Nikisahau kufunga. Naliona komeo linaning'inia. Napita na ndoo, naliona, nasema nitarudi, sirudi. Naona hadi nguo niliyovaa."

Nikamwambia haikuwa hivyo. Nikamwambia alifunga, siku zote tano, na waya juu yake. Mchana ule wa Alhamisi mimi ndiye niliyeufungua ule waya kwa vidole vyangu, ulikuwa umezungushwa mara tatu kulia na mara moja kurudi, ukanikata hapa.

Alikitazama kidole changu. Kovu halipo tena.

"Una hakika?" akaniuliza.